Mbegu ya mwanzi: Husubiriwa miaka mingi, hufa kwa wiki chache

MIANZI ni ya jamii moja na mahindi, ngano, mpunga na nyasi za malishoni. Hata hivyo, mkulima anayetaka mbegu ya mahindi huipata kila msimu, ilhali anayetaka mbegu ya mwanzi huenda akamaliza umri wake bila kuiona.

Aina nyingi za mianzi huchanua mara moja tu maishani. Baadhi husubiri miaka 30 au 40, nyingine 60, na zipo zinazosubiri hadi miaka 120. Zikishachanua na kutoa mbegu, hukauka na kufa. Mbegu zinazoachwa nazo hazidumu. Zikikaa katika joto la kawaida, nyingi hupoteza uwezo wa kuota baada ya miezi miwili au mitatu, na za aina fulani hufa hata kabla ya muda huo.

Suala hili lilipata uzito zaidi nchini Kenya mwaka wa 2020, serikali ilipoorodhesha mianzi miongoni mwa mazao ya kilimo. Tangu hapo wakulima wengi wamevutiwa na mmea huu unaotumika kwa ujenzi, samani, vikapu, makaa na kuzuia mmomonyoko wa udongo kando ya mito. Wengi wao huuliza bei ya mche na soko la mashina. Ni wachache wanaouliza mche huo umetokana na nini na una umri gani.

Maswali hayo mawili ndiyo yanayostahili kutangulia. Anayenunua mbegu iliyokufa hupoteza msimu mmoja. Anayepanda kipandikizi cha kichaka kizee bila kujua huenda akapoteza shamba zima.

Mbegu yenyewe

Mbegu ya aina nyingi za mianzi hufanana na punje ya ngano au mpunga. Ni ndogo na nyembamba, nayo imefunikwa kwa makapi makavu. Ndani yake mna kiini, ambacho ndicho mmea mchanga, pamoja na akiba ya wanga inayokilisha kiini hicho hadi mche utakapopata majani na mizizi ya kujitafutia chakula.

Kilo moja ya mbegu za Dendrocalamus strictus, mwanzi wa Bara Hindi ambao mashina yake aghalabu huwa mazito yasiyo na uwazi mkubwa ndani, huwa na makumi ya maelfu ya punje. Nchini India punje za mianzi zimekuwa zikikusanywa na kupikwa kama wali, hasa nyakati za uhaba wa chakula.

Si mianzi yote iliyo na punje kavu. Melocanna baccifera, mwanzi wa kaskazini-mashariki mwa India, Bangladesh na Myanmar, huzaa tunda kubwa lenye nyama ambalo umbo lake ni kama la peasi. Tunda hilo hujaa maji na halivumilii kukaushwa. Aghalabu huanza kuota likiwa lingali linaning'inia juu ya mmea mama.

Tofauti hii ni muhimu kwa yeyote anayetaka kuhifadhi mbegu. Punje kavu inaweza kukaushwa zaidi na kuwekwa mahali pa baridi. Tunda lenye nyama likikaushwa hufa, na njia ya pekee ya kulinufaisha ni kulipanda mara tu linapoanguka.

Umri usioonekana kwa macho

Jambo la ajabu zaidi katika maisha ya mianzi ni jinsi inavyohesabu miaka. Mimea iliyotokana na mbegu za wakati mmoja huchanua karibu wakati mmoja, hata ikiwa imepandwa katika maeneo yaliyo mbali na yenye hali tofauti za hewa.

Mfano unaojulikana sana unatoka Japani. Mwaka wa 1912 mianzi ya aina ya moso, Phyllostachys edulis, ilichanua huko Yokohama na mbegu zake zikapandwa. Mimea iliyotokana na mbegu hizo ilichanua mwaka wa 1979, miaka 67 baadaye, ingawa ilikuwa imekuzwa mahali tofauti.

Mfano wa pili ni wa mwanzi wa Kichina uitwao Fargesia murielae. Mtafiti wa mimea Ernest Wilson aliuchukua katika mkoa wa Hubei mwaka wa 1907. Mimea iliyosambazwa katika bustani za Ulaya ilitokana na kugawanya vichaka vya asili hiyo moja, wala si kwa mbegu mpya. Kila aliyegawiwa kipande alidhani amepata mmea mchanga. Ilipofika miaka ya mwisho ya karne ya 20, mimea hiyo ilichanua katika nchi mbalimbali ndani ya kipindi kimoja na mingi ikafa. Wakulima wa maua walilazimika kuanza upya kwa mbegu zilizopatikana wakati huo.

Funzo la mfano huo ni kwamba kipandikizi hakianzi umri mpya. Hubeba umri wa mmea mama. Ni mbegu pekee inayoirudisha hesabu kwenye mwaka wa kwanza.

Chukulia aina ya mwanzi inayochanua baada ya miaka 40. Kichaka kilichotokana na mbegu iliyoota mwaka wa 1990 kitakaribia kuchanua mwaka wa 2030. Mkulima aliyekata kipandikizi kutoka kwa kichaka hicho mwaka wa 2020 atauona mmea wake ukiwa mdogo na wenye nguvu, lakini katika hesabu ya mianzi tayari una miaka 30. Utachanua pamoja na mama yake baada ya miaka 10 tu, pengine wakati mkulima ndipo anaanza kurejesha gharama zake.

Kwa nini mbegu hufa upesi?

Katika nchi za Asia zenye mvua za msimu, mianzi mingi hudondosha mbegu wakati wa kiangazi, wiki chache kabla ya mvua kubwa. Mbegu huhitaji kukaa hai hadi mvua zinyeshe tu. Hazina haja ya kulala ardhini miaka mingi kama mbegu za magugu mengi. Kwa sababu hiyo, mianzi mingi ya nchi za joto haina kipindi cha mbegu kupumzika kabla ya kuota. Zikipata unyevu na joto, huota mara moja, zisipopata, huchakaa.

Ganda la punje ni jembamba na halizuii unyevu wa hewa kuingia. Katika hewa yenye unyevunyevu na joto, punje hupumua kwa kasi na kumaliza akiba yake ya chakula. Kuvu nayo huishambulia, na wadudu wa ghalani huitoboa kama wanavyotoboa mahindi.

Aidha kuna adui mwingine ambaye ndiye anayedhaniwa kuwa chanzo cha tabia yote hii ya kuchanua kwa pamoja. Mwaka wa 1976 mwanabayolojia Mmarekani Daniel Janzen alieleza kwamba mianzi husubiri muda mrefu na kumwaga mbegu zote kwa mpigo ili kuwashinda walaji. Panya, ndege na nguruwe mwitu hula kadiri wanavyoweza, lakini mbegu huwa nyingi mno kiasi kwamba zinazosalia hutosha kuotesha msitu mpya. Kichaka kinachochanua peke yake, nje ya wakati wa wenzake, huliwa mbegu zote.

Mbegu zilipozaa njaa

Matokeo ya mwenendo huo kwa binadamu yameonekana wazi katika Mizoram, jimbo la milima kaskazini-mashariki mwa India. Sehemu kubwa ya misitu ya huko ni ya Melocanna baccifera, ambayo huchanua kila baada ya miaka 48 hivi. Wenyeji hukiita kipindi hicho Mautam, yaani kifo cha mianzi.

Matunda yanapodondoka kwa wingi, panya hula na kuzaana kupita kiasi. Mvua zinaponyesha, matunda yaliyosalia huota na chakula cha panya hutoweka kwa muda mfupi. Hapo ndipo makundi ya panya huvamia mashamba ya mpunga na maghala ya wakulima, na kijiji kinaweza kupoteza mavuno yake yote.

Wazee wa Mizo walikuwa wameona hayo mwaka wa 1911 na 1912. Miaka ya 1950 ilipokaribia kwisha, viongozi wao walionya kwamba wakati ulikuwa umewadia tena. Serikali ya Assam, iliyosimamia eneo hilo wakati huo, haikulipa onyo hilo uzito uliostahili. Njaa ilipiga mwaka wa 1959.

Hasira ya wananchi ilizaa chama cha kushughulikia njaa mwaka wa 1960, na mwaka uliofuata chama hicho kikageuka kuwa cha kisiasa, Mizo National Front, chini ya uongozi wa Laldenga. Mwaka wa 1966 kilianzisha uasi wa kutumia silaha uliodumu miaka 20. Mkataba wa amani ulitiwa sahihi mwaka wa 1986, na Mizoram ikawa jimbo kamili mwaka wa 1987.

Mianzi ilipochanua tena kuanzia mwaka wa 2006, serikali ilikuwa imejiandaa. Wananchi walilipwa fedha kwa kila mkia wa panya waliouwasilisha. Hasara ya mazao ilikuwa kubwa hata hivyo, lakini historia ya 1959 haikujirudia kwa ukali ule ule.

Maua bila mbegu

Kuchanua si hakikisho la kupata mbegu. Katika aina nyingi sehemu kubwa ya maua hutoa makapi matupu. Mtu anayeyaona mashuke yakining'inia kwa wingi huenda akadhani amepata gunia la mbegu, kumbe amebeba takataka.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Hiroshima nchini Japani walichunguza kichaka cha mwanzi wa aina ya Phyllostachys nigra, ule uitwao henonis, kilichochanua mwaka wa 2020. Aina hiyo ilikuwa imechanua kwa wingi Japani mwaka wa 1908, na mzunguko wake ni wa takriban miaka 120. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2023, walisema mashina mengi yalichanua lakini hawakupata hata mbegu moja iliyo hai.

Mwanzi unaoonekana sana Pwani na katika bustani nyingi za Afrika Mashariki, Bambusa vulgaris, ambao aina yake moja ina mashina ya manjano yenye mistari ya kijani, huchanua kwa nadra sana na hauzalishi mbegu za kutegemewa. Huenezwa kwa vipandikizi. Mkulima anayeuziwa pakiti ya mbegu za mwanzi huo wa manjano ana kila sababu ya kuuliza zimetoka wapi.

Kukusanya na kuhifadhi

Kichaka kikichanua, mkusanyaji hana muda wa kupoteza. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na katika kazi hii kungoja kunamaanisha kuwaachia panya na ndege.

Kwanza, ardhi iliyo chini ya kichaka hufyekwa na kufagiwa. Kisha turubai au magunia hutandazwa ili kunasa mbegu zinazodondoka, na mashina hutikiswa taratibu. Mbegu zinazoanguka mwanzoni kabisa na zile za mwisho aghalabu huwa na makapi mengi, hivyo bora zaidi ni za kipindi cha katikati. Zilizokaa ardhini kwa siku nyingi hazifai kuchanganywa na zilizoanguka leo.

Mbegu hupepetwa kwa ungo kama mpunga ili kuondoa makapi. Baada ya hapo hukaushwa kivulini, mahali penye hewa ya kutosha. Jua kali la mchana huweza kuua kiini.

Lengo ni kupunguza unyevu wa mbegu hadi asilimia 8 au 10 hivi. Mbegu iliyokauka hutiwa katika chupa au mkebe unaofungika barabara usiingize hewa, na kuwekwa katika friji kwenye nyuzijoto 3 hadi 5 za Selsiasi. Wanaohifadhi kwa muda mrefu huweka ndani ya chombo dawa ya kufyonza unyevu, kama jeli ya silika au kloridi ya kalsiamu.

Tofauti inayoletwa na hatua hizo ni kubwa. Majaribio yaliyofanywa India yalionyesha kwamba mbegu za Dendrocalamus strictus zilizokaushwa na kuwekwa mahali pa baridi zilibakia hai kwa takriban miezi 34. Zikiachwa kwenye mfuko wa kawaida dukani, mbegu hizo hizo hudhoofika ndani ya miezi michache.

Kila chombo sharti kiandikwe jina la aina ya mwanzi, mahali mbegu zilipokusanywa na tarehe. Tarehe hiyo haitumiki tu kujua mbegu ina umri gani. Ndiyo itakayomwezesha mkulima, au mjukuu wake, kukadiria mwaka ambao msitu utakaopandwa utachanua.

Kupima kama mbegu i hai

Mkulima hahitaji maabara ili kujua kama mbegu alizonunua zina uhai. Njia rahisi ni kuchagua mbegu 100 bila kubagua, zile nzuri na mbaya pamoja, na kuzigawa katika mafungu manne ya 25. Kila fungu hutandazwa juu ya karatasi ya shashi au kitambaa safi kilicholowanishwa, kisha hukunjwa na kuwekwa ndani ya sahani iliyofunikwa. Sahani huwekwa mahali penye joto la wastani, la nyuzi 25 hadi 30, na kitambaa kisiachwe kikauke wala kisijae maji.

Mbegu changa zenye nguvu huanza kutoa mzizi baada ya siku chache, na zilizo nyingi huwa zimeota katika muda wa wiki mbili au tatu. Zilizoota huhesabiwa kila siku na kuondolewa. Mbegu 60 zikiota kati ya 100, uwezo wa kuota ni asilimia 60. Mafungu manne yakitofautiana sana, jaribio hurudiwa.

Mbegu kuelea ndani ya maji ni dalili kwamba huenda ni tupu, lakini dalili hiyo haitoshi. Mbegu iliyokufa inaweza kuzama kama iliyo hai, na iliyo hai ikaelea kwa sababu ya hewa iliyonaswa kwenye makapi. Katika maabara wataalamu hupasua punje na kuiloweka katika kemikali ya tetrazoliamu. Sehemu zilizo hai hugeuka nyekundu, na zilizokufa hazibadiliki.

Jaribio hili hubadilisha hesabu ya fedha. Mathalan, mkulima anapanga kupanda mianzi mikubwa kwa nafasi ya mita 5 kwa 5. Hekta moja itahitaji miche 400. Iwapo mbegu zinaota kwa asilimia 60, na miche 80 kati ya kila 100 inanusurika katika kitalu, atahitaji mbegu 830 hivi. Iwapo zinaota kwa asilimia 10 pekee, atahitaji mbegu 5,000 kwa shamba lile lile. Bei ya pakiti haina maana bila kujua asilimia ya uotaji.

Kusia na kutunza miche

Mbegu za mianzi huloweshwa katika maji safi kwa muda wa usiku mmoja kabla ya kusiwa. Udongo wa kitalu huwa mchanganyiko mwepesi wa udongo wa msituni, mchanga na mbolea iliyooza vyema, usiotuamisha maji. Mbegu hufunikwa kwa udongo wa kina kisichozidi sentimita moja. Ikizikwa chini sana, akiba yake ya chakula huisha kabla ya chipukizi kuona mwanga.

Kitalu hutiwa kivuli na kumwagiliwa maji kwa matone madogo asubuhi na jioni. Sharti pia kilindwe dhidi ya panya, ndege na mchwa, kwani mbegu iliyolowa huwavutia zaidi kuliko iliyo kavu.

Mche unaochomoza hufanana na jani la nyasi, na wasiojua huung'oa wakidhani ni gugu. Baadhi ya miche huwa meupe kabisa kwa kukosa rangi ya kijani inayotengeneza chakula. Hiyo haina tiba. Hufa akiba ya mbegu inapokwisha, na mkulima hana budi kuiondoa.

Miche yenye majani matatu au manne huhamishiwa kwenye vifuko vya kitalu. Baada ya miezi kadhaa kila mmoja hutoa machipukizi mapya kutoka kwa shina lake la chini ya ardhi. Wakati huo unaweza kugawanywa, kila kipande kikiwa na chipukizi, mizizi na sehemu ya shina hilo la chini. Kwa njia hiyo mbegu chache zinaweza kuzaa mamia ya miche, na yote ikabaki na umri mdogo wa mbegu iliyotoka.

Subira inahitajika. Mwanzi unaotokana na mbegu huanza na vishina vyembamba kama kalamu. Kila msimu machipukizi mapya huwa manene na marefu kuliko ya awali, na huchukua miaka kadhaa kabla ya kichaka kutoa mashina ya kuuzwa.

Mbegu au kipandikizi?

Kutokana na hali hiyo, miche mingi inayouzwa hutokana na vipandikizi vya matawi au mashina, au huzalishwa maabarani kutokana na vipande vidogo vya mmea. Njia hizo hazina ubaya wowote. Kipandikizi hutoa mashina makubwa mapema kuliko mche wa mbegu, na mkulima hujua sifa za mmea anaoupata kwa sababu ni sawa na mama yake.

Hatari hujitokeza pale eneo zima linapopandwa miche ya mama mmoja asiyejulikana umri. Siku mama huyo atakapochanua, mashamba yote yatachanua naye. Kiwanda kilichojengwa kutegemea mashina hayo kitakosa malighafi kwa miaka kadhaa, na kingo za mito zilizopandwa mianzi zitaachwa wazi.

Wataalamu hushauri mkulima asitegemee asili moja. Shamba lenye aina mbili au tatu, au lenye miche iliyotokana na mbegu za miaka tofauti, haliwezi kufa lote kwa pamoja. Kadhalika, inafaa kuuliza katika kitalu: miche hii ni ya aina gani? Ilitokana na mbegu au kipandikizi? Kichaka mama kililetwa nchini mwaka gani, na je, aina hiyo imechanua kwingineko duniani hivi karibuni?

Taasisi ya Utafiti wa Misitu Nchini, KEFRI, yenye makao yake Muguga, imekuwa ikijaribu aina za mianzi kutoka Asia tangu miaka ya mwisho ya 1980, zikiwemo Dendrocalamus giganteus, Dendrocalamus asper na Dendrocalamus hamiltonii. Mkulima anayetaka kujua asili ya miche ya aina hizo ana mahali pa kuanzia.

Anayenuia kuagiza mbegu kutoka ng'ambo anatakiwa kisheria kupata kibali kutoka kwa shirika la kukagua afya ya mimea, KEPHIS, kabla ya mbegu kusafirishwa. Mzigo pia huhitaji cheti cha afya ya mimea kutoka nchi unakotoka. Mbegu zinazoletwa kimagendo ndani ya bahasha huweza kuingiza magonjwa, na baada ya kukaa njiani katika joto kwa wiki nyingi aghalabu huwa zimekufa.

Mwanzi wa milimani

Kenya ina mwanzi wake wa asili, unaoota katika milima ya Aberdare, Mlima Kenya, Mau, Cherangani na Mlima Elgon, hasa kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,400 kutoka usawa wa bahari. Wanasayansi wameuita Arundinaria alpina na baadaye Yushania alpina. Siku hizi unaitwa pia Oldeania alpina, jina linalotokana na neno la Kimaasai la mwanzi, ambalo pia ndilo jina la Mlima Oldeani nchini Tanzania.

Mwanzi huu haufi msitu mzima kwa wakati mmoja. Huchanua kwa vipande, kipande hiki mwaka huu na kingine miaka mingi baadaye. Vipande vilivyochanua hukauka, na mbegu zilizodondoka huota chini ya mashina makavu iwapo hazitaliwa, kukanyagwa na mifugo au kuteketezwa kwa moto.

Hapo ndipo penye hatari ambayo wengi hawaijui. Msitu wa mianzi uliokauka baada ya kuchanua huonekana kama msitu uliokufa, na huwa kishawishi kwa anayetafuta kuni au malisho. Kumbe chini yake kuna miche isiyozidi kimo cha nyasi, ambayo ndiyo msitu wa miaka mingi ijayo. Moto mmoja wakati huo unaweza kumaliza kizazi kizima, kwa kuwa mashina ya zamani hayatachipuka tena na hakuna mbegu nyingine iliyobaki ardhini.

Kwa sababu hiyo, wanaoishi karibu na misitu hiyo wanashauriwa kupiga ripoti kwa maafisa wa misitu mara wanapoona mianzi ikitoa mashuke, na kuzuia mifugo kuingia katika sehemu hiyo hadi miche itakapoimarika. Mbegu zinazokusanywa wakati huo, zikikaushwa, zikaandikwa tarehe na kusiwa mapema, ndizo zitakazowapa wakulima wa nyanda za juu miche ya asili ambayo umri wake unajulikana tangu siku ya kwanza.